Kilo Kumi za Betri: Dereva wa Rongai Ananunua Nini Hasa?

Kwanza tuelewane ni Rongai ipi. Huku kwetu Pwani ukitaja jina hilo, mtu anafikiria Ongata Rongai ya Kajiado, yenye matatu za makelele na foleni isiyokwisha. Mimi nazungumzia Rongai ya Nakuru, ile iliyo kwenye reli ya kwenda Eldoret, kando ya mashamba ya mkonge na mahindi, magharibi ya Menengai. Madereva wetu wa malori wanaijua zaidi kwa Salgaa, mahali wanapopumzika wakitoka bandarini kuelekea Malaba. Nilikuwa huko majuzi, nikapita gereji mbili tatu zinazotengeneza magari ya mbio, na kote nikakuta mjadala mmoja: tung'oe betri ya risasi tuweke ya lithiamu, au tuache?

Mjadala huu haukuzuka bure. Tangu Safari Rally iliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, vijana wa Bonde la Ufa wameona kwa macho yao namna timu kubwa zinavyopunguza uzani gramu kwa gramu. Mwaka huo huo wa 2021 Onkar Rai alimaliza wa 7, Karan Patel wa 8 na Carl Tundo wa 9, Wakenya watatu ndani ya kumi bora. Patel akaja kuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2022 na 2023. Kijana mwenye Subaru Impreza kuukuu akitazama hayo anaamini yuko karibu, na kwamba kinachomkwamisha ni vitu vidogo. Betri ni mojawapo. Ya risasi, ya gari la kawaida, ina kilo 12 hadi 18. Ya lithiamu inayotengenezewa mbio ina kilo 3 hadi 6. Unaishika kwa mkono mmoja kama mkate wa asubuhi.

Tuseme basi umeokoa kilo 10. Kwenye gari la Rally2, ambalo kanuni zinataka lisipungue kilo 1,230, hiyo haifiki hata asilimia moja. Tena kwenye daraja lenye uzani wa chini uliowekwa, ukitoa kilo 10 hapa na gari likashuka chini ya kipimo, itakubidi uzirudishe pengine. Faida iliyobaki ni kuchagua zikae wapi. Faida hiyo ipo, siikatai. Betri ya Impreza inakaa mbele, juu, pembeni mwa injini. Kuutoa mzigo huo puani mwa gari na kuuweka chini, katikati, dereva atausikia kwenye kona. Lakini dereva huyo huyo, siku ya mashindano, kwa kuyaogopa mawe ya Naivasha, anapakia magurudumu mawili ya akiba badala ya moja. Gurudumu moja la changarawe linaizidi ile tofauti ya betri mara mbili. Lita 14 za petroli ambazo hakuzihitaji nazo ni kilo 10. Kuna njia za bure za kupunguza uzani, na wengi hawajazimaliza kabla ya kufungua pochi.

Haya, tuseme umezimaliza na pesa ipo. Hapa ndipo mambo yanapokuwa na utamu, na ndipo watu wanapoumizwa.

Soma maandishi yaliyo kwenye betri. Nyingi za mbio huandikwa kiasi cha ampea-saa, mathalani 16 au 18, na pembeni kwa herufi ndogo herufi PbEq. Maana yake ni kwamba betri hiyo inawasha stata kama betri ya risasi ya ukubwa huo. Haimaanishi imebeba umeme huo. Umeme wenyewe uliomo ndani huwa kama theluthi yake, yaani ampea-saa 5 au 6. Kuwasha injini itaiwasha, tena kwa nguvu, maana lithiamu hutoa mkondo mkubwa kwa ghafla kuliko risasi. Shida inakuja alteneta ikifa au mkanda wake ukikatika njiani. Pampu ya mafuta, kompyuta ya injini, feni na taa kwa pamoja zinaweza kula ampea 30. Piga hesabu: betri ya ampea-saa 6 itakupa dakika 12. Mkondo kama wa Kedong, wenye zaidi ya kilomita 30, unawachukua hata mabingwa zaidi ya robo saa. Kwa betri ya risasi ya ampea-saa 60 ungemaliza mkondo, ukaendesha hadi kwa mafundi wako, na bado ukabaki na kitu.

Tena mwaka 2024 Safari ilihamishwa kutoka Juni hadi Machi, mwezi wa mawingu mazito. Wiper zinafanya kazi, feni ya kupuliza kioo inafanya kazi, taa zinawaka mchana. Mahitaji ya umeme yamepanda wakati ule ule ambao watu wanataka kubeba umeme mchache. Sijui kama nimeona mtu akiyaweka mambo hayo mawili kwenye karatasi moja.

La pili ni namna lithiamu inavyokufa. Betri ya risasi inapochoka hukupa taarifa: taa zinafifia, stata inavuta kivivu, unajua. Ya lithiamu ina saketi ndani inayolinda seli. Volti zikishuka mno, au zikipanda mno, au joto likizidi, saketi inakata. Papo hapo, gari zima giza. Ikikata huku alteneta inazunguka, volti zinaweza kuruka ghafla na kuunguza kompyuta ya injini, ambayo bei yake inaizidi betri mara nyingi. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mwenye gari la zamani ni la alteneta. Je, kidhibiti chake cha volti ni kizima? Kinatakiwa kukaa kati ya 13.8 na 14.4, injini ikiwa chini na ikiwa juu. Kikipeleka 15 na zaidi, betri ya risasi itachemka na kunuka tindikali, lakini itavumilia siku kadhaa. Ya lithiamu haitavumilia. Mita ya kupimia iko kila gereji, na kipimo hicho hakichukui dakika tano.

Vumbi na joto la Rongai nalo lina neno. Baridi yake ya alfajiri haitishi, maana hatari ya kuchaji lithiamu inaanza kwenye baridi ya barafu, na huko hatufiki. Joto ndilo la kuogopwa. Boneti iliyofungwa, turbo imewiva, radieta imejaa vumbi la majivu ya volkano: nyuzi 60 zinafikika kwa urahisi pale ilipokuwa betri ya zamani. Anayeng'oa risasi na kuweka lithiamu mahali pale pale amenunua matatizo. Ihamishie ndani, nyuma ya kiti cha dereva au cha navigeta, mahali ambapo kanuni za FIA zinaruhusu kwa betri kavu. Ifungwe kwa vibano viwili vya chuma vyenye ngozi ya kuzuia umeme, vilivyopigwa boliti hadi kwenye sakafu, na vichwa vyake vifunikwe. Kamba ya mpira ya kufungia mizigo ya pikipiki, ambayo nimeiona kwa macho yangu ikishika betri ya mbio, haifai hata kwa kreti ya nyanya.

Kuhusu aina, usikubali kuambiwa "lithiamu" halafu ukanyamaza. Ya kuwekwa kwenye gari la namna hii ni ya chuma na fosfati, ile inayoandikwa LiFePO4. Seli zake nne zikiungwa mfululizo zinatoa volti 12.8, karibu sawa na risasi, na zinahimili joto zaidi kabla ya kujiwasha. Seli za aina ya zile za simu na kompyuta zina umeme mwingi kwa kilo, lakini zikitobolewa au kubanwa zinaweza kushika moto ambao maji ya dumu moja hayauzimi. Gereji moja nilionyeshwa betri iliyoungwa na fundi mwenyewe kwa seli zilizotolewa kwenye vifaa vilivyotumika. Kazi ya mkono ilikuwa safi, nakiri. Ila seli zile hazikuwa na umri mmoja wala historia moja, na saketi ya ulinzi haikuwepo. Ilikuwa ikisubiri gari lipinduke tu.

Na magari ya mbio hupinduka. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili haliwahusu wenye magari peke yao.

Kuanzia 2022 hadi 2024 magari makubwa ya Rally1 yalikuja Naivasha yakiwa na mfumo wa mseto: mota ya kilowati 100 na betri ya lithiamu ya kilowati-saa 3.9. Yalikuwa na taa maalumu za usalama. Ya kijani, karibia. Nyekundu, usiguse, hata kama dereva yumo ndani. Maofisa wa njiani walifundishwa. Mashabiki je? Kenya ndiyo nchi ambayo gari likilala ubavu, watu 20 wanatokea kichakani na kulisimamisha kabla navigeta hajafungua mkanda. Ni ukarimu wetu, na umewaokoa madereva wengi tangu enzi za kina Joginder Singh na Shekhar Mehta. Kwenye gari la umeme mkubwa, ukarimu huo ungeweza kuua. Mwishoni mwa 2024 FIA iliuondoa mfumo huo, na kuanzia 2025 uzani wa chini wa magari hayo ukashuka kutoka kilo 1,260 hadi 1,180. Kilo 80 nzima zimetoka. Mashindano hayakupoa, na sijamsikia shabiki hata mmoja wa Elmenteita akililia betri.

Kwa hiyo umeme mkubwa umeondoka kwenye magari makubwa, na huku chini, kwenye mashindano ya klabu na ya ubingwa wa taifa, lithiamu ndogo zinaingia moja moja bila taa, bila alama na bila mafunzo. Volti 12 hazimpigi mtu shoti, hilo kweli. Moto na moshi ndio hatari, na moshi wa seli inayowaka ni sumu. Jambo dogo la kuanzia ambalo Shirikisho la Mbio za Magari nchini na klabu zake wangeweza kulifanya kabla ya duru ijayo ni hili: mkaguzi asitosheke kuona kwamba betri imefungwa. Aulize ni ya aina gani, atazame kama ina saketi ya ulinzi, aikatae iliyoungwa gerejini, na kibandikwe kibandiko nje ya gari kinachoonyesha ilipo. Ofisa mwenye kizimamoto mkononi anahitaji kujua aelekeze wapi.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya niandike haya hapa badala ya kuwaachia watu wa Nakuru.

Betri hizi za mbio ni mzigo wa hatari kwa sheria za usafiri. Tangu 2016 haziruhusiwi kupakiwa kama shehena kwenye ndege za abiria. Kwa hiyo nyingi zinapita Kilindini kisha zinapanda barabara kwa lori. Risasi zilizong'olewa nazo zina njia yake, ya kurudi chini. Betri ya risasi iliyokufa haikai siku mbili, mnunuzi wa vyuma chakavu ataifuata hadi mlangoni. Sisi wa Mombasa tunajua inakoweza kuishia. Owino Uhuru, pale Jomvu, kiwanda cha kuyeyusha risasi za betri kilianza kazi 2007 na kikafungwa 2014, na watoto waliozaliwa katikati ya miaka hiyo bado wanabeba risasi mwilini. Mahakama ya Mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi wa Julai 2020. Rufaa ikaivuruga hukumu ile, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kwa historia hiyo, mtu akiniambia anataka kuachana na risasi kwenye gari lake, moyo wangu uko upande wake kabla hajataja kilo.

Ila lithiamu iliyokufa haina mnunuzi wa mlangoni. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka anayeingiza bidhaa nchini abebe jukumu lake hata ikishachoka. Basi anayekuuzia betri ya mbio muulize, kabla hujalipa, ataipokea lini na wapi ikifa. Nairobi kuna kituo cha WEEE kinachopokea taka za umeme, betri zikiwemo. Kutoka Rongai ni safari ya nusu siku, na sijaona fundi aliyeifunga. Kwenye gereji ya mwisho niliyopita zilikuwa nne chini ya meza, mbili zimevimba, karibu na dumu la petroli. Nilimwomba mwenyewe azitoe nje angalau, azifunike na mchanga kwenye pipa la chuma. Alizitoa nikiwa bado pale.