Waridi jekundu halihitaji kukolezwa

Naunga mkono kuhariri picha za maua, ila kukoleza rangi kusiwe hatua ya kwanza. Chukua waridi jekundu la Naivasha. Katika picha ya kawaida ya JPEG, kila rangi ya msingi ina ngazi kuanzia 0 hadi 255. Wekundu wa petali tayari uko karibu na kilele, kwa hiyo ukiukoleza zaidi, sehemu kubwa hugota kwenye 255, na mishipa myembamba pamoja na vivuli vya mikunjo hupotea. Linabaki doa jekundu lisilo na umbo. Heri kusawazisha weupe kwanza, kisha kupunguza mwanga kidogo.

Wapo watakaosema kamera nayo hukosea, hasa kwa zambarau ya Saintpaulia, ua la Usambara, ambayo mara nyingi hutoka kama bluu. Ni kweli, na kosa hilo lirekebishwe. Lakini kurekebisha si kutia chumvi. Wengine watasema wateja hupenda picha zinazong'aa. Wateja haohao ndio watakaolalamika shada likifika limefifia kuliko tangazo. Wapiga picha, hifadhini faili ghafi kabla ya kugusa chochote, na rangi ya ua lenyewe ndiyo iwe kipimo.