Kuchaji ordinatere nje ya nyumba: hatari kubwa haiko kwenye prizi

Umeme wa SNEL ukikatika mtaani Bel-Air, komini ya Kampemba, mjini Lubumbashi, mwenye ordinatere haketi kungoja. Anaibeba na kutafuta moto kule grupu inakonguruma: sekretaria publike, kibanda cha kuchajia telefone, ama kwa jirani mwenye paneli za jua. Kwa mwanafunzi anayemalizia TFC yake, hakuna njia ingine. Sasa, akiichomeka kwa mtu asiyemfahamu, anahatarisha nini?

Wengi wanaogopa virusi kuingia kupitia waya. Hofu hiyo iko na mzizi. Mwaka 2011, mjini Las Vegas, Marekani, wataalamu wa usalama wa kompyuta waliweka kibanda cha kuchajia bure ili kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Mwezi wa nne 2023, ofisi ya FBI ya Denver iliwaonya watu waepuke vituo vya kuchajia bure vya viwanja vya ndege na hoteli. Lakini onyo hilo halikutaja hata mtu mmoja aliyeibiwa kwa njia hiyo.

Iko hivi: prizi ya ukutani, ile ya volti 220, inapitisha umeme tu. Chaja ya kawaida ikichomekwa pale, hakuna faili inayotoka wala kuingia. USB ni tofauti, kwani waya wake uko na nyuzi za umeme na nyuzi za data pamoja. Ordinatere mpya nyingi zinachajiwa kwa USB-C. Basi mwenye kuja na chaja na waya wake mwenyewe, akachomeka ukutani, ameshafunga mlango huo.

Hatari zinazouma kweli ni mbili. Ya kwanza ni umeme wenyewe. SNEL ikirudisha umeme, ama grupu ikiyumba, volti zinaweza kupanda ghafla na kuunguza chaja, hata mashini nzima. Ordinatere iko na betri: umeme ukienda, kuichomoa mara moja hakupotezi kazi.

Ya pili ni mikono ya watu. Ordinatere inaachwa mezani saa mbili, tatu, iko wazi, mwenyewe ameenda sokoni. Mtu anachomeka kle ya USB, ananakili picha, mitihani, hesabu za biashara ama barua pepe iliyoachwa wazi. Neno la siri la kuingilia linasaidia, ila peke yake halitoshi: diski inaweza kutolewa na kusomwa kwenye mashini ingine. Kinachozuia hilo ni kufunga diski yote kwa programu kama BitLocker, na kuizima kabisa ordinatere kabla ya kuiacha.

Sheria ipo. Kodi ya numeriki ya Kongo, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inaadhibu mtu anayeingia katika mashini ya mwingine bila ruhusa. Lakini sheria hairudishi TFC iliyopotea. Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani, kazi inakiliwe kwenye kle na kle ibaki nyumbani. Mwenye kibanda naye, akimpa kila mteja jetoni yenye namba, anapunguza wizi na ugomvi kwa gharama ndogo sana.