Nambari Ishirini za Stima

Leo sina habari za simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nimechoka nazo kidogo. Nataka tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunakifanya mara kadhaa kwa mwezi, tukiwa tumesimama gizani kwenye korido: kubonyeza tokeni kwenye mita ya stima.

Unajua shida yenyewe. Simu ndiyo tochi, na simu hiyohiyo ndiyo yenye ujumbe. Ukimulika mita, huoni ujumbe. Ukisoma ujumbe, huoni mita. Kwa hivyo unasoma nambari nne, unageuza simu, unabonyeza, unageuza tena, na hapo katikati umesahau kama ulikuwa kwenye kundi la tatu au la nne. Mbu naye amekuona.

Kero ndogo hapa Nakuru hazikosekani. Kuna vumbi la Januari. Kuna makanga wa matatu ya Lanet anayekuambia chenji utapata mbele, hadi "mbele" inakuwa ni wewe kushuka. Kuna ule msimbo wa benki unaofika baada ya muda wake kuisha. Nyingi nimezizoea. Lakini ya tokeni ndiyo ninayosikia ikilalamikiwa zaidi, na watu wakishajua kazi yangu wananigeukia kana kwamba ni mimi niliyeitengeneza: "Nyinyi watu wa kompyuta, kwani hamuwezi kufanya hii kitu ijiingize yenyewe?"

Tunaweza. Na maoni yangu, ambayo najua hayatapendwa, ni kwamba tusiharakishe.

(Kwanza niseme kinachonichekesha. Sisi wa huku tunalala juu ya stima. Olkaria, kule Naivasha, mvuke wa ardhini umekuwa ukizungusha mitambo tangu 1981. Menengai, ambayo ukiwa mjini ukiinua macho tu unaiona, ina mtambo wa megawati 35 ulioanza kulisha gridi 2023. Stima inatoka chini ya miguu yetu, inaingia kwenye nyaya, halafu ikifika mlangoni inatuuliza nambari ishirini.)

Haya, turudi kwenye nambari. Mfumo unaozitengeneza unaitwa STS, na ulizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990, wakati nchi ile ilikuwa ikipeleka stima kwenye nyumba nyingi ambazo hazikuwa na simu. Waya wa stima ulifika, wa simu haukufika. Sasa mita itajuaje kwamba mwenye nyumba amelipa? Wahandisi wakaamua kumtumia mwenye nyumba mwenyewe kama waya. Wewe na vidole vyako ndio modemu.

Zile tarakimu ishirini ni biti 66. Biti mbili zinaeleza aina ya tokeni. Zile 64 zinazobaki zimefungwa kwa ufunguo wa siri ambao ni wa mita yako peke yake, na ukizifungua unakuta mle ndani kuna kiasi cha yuniti ulizonunua, saa ambayo tokeni ilitengenezwa, biti chache za kubahatisha, na biti 16 ambazo kazi yake ni kukagua kama kuna kosa. Ndiyo maana ukikosea tarakimu moja mita inakataa, haikupi yuniti za mtu mwingine. Ndiyo maana mtu akiokota kikaratasi chako cha tokeni hana la kukifanyia ila kufungia mandazi. Na ukijaribu kuingiza tokeni ileile mara ya pili, mita inakumbuka.

Hebu fikiria kidogo hapo. Kufungua siri, kukagua kosa, kukumbuka tokeni zilizopita, kuongeza yuniti, yote yanafanyika ndani ya kisanduku cha plastiki ukutani, bila intaneti, bila laini ya simu, bila kumuuliza mtu yeyote. Mimi hula kwa kuandika programu, na nakuambia programu nyingi tunazoandika siku hizi haziwezi hata kuonyesha ukurasa wa kwanza mtandao ukiyumba. Zinazungusha kale kaduara tu.

Kuna watu watakumbuka 2024 na kuniuliza: na zile nambari sitini je? Sawa, tuzizungumzie. Ile saa iliyo ndani ya tokeni huhesabiwa kwa dakika, kuanzia 1 Januari 1993, na ilitengewa biti 24. Biti 24 zinakupa dakika 16,777,216. Gawanya mwenyewe, utapata karibu miaka 32. Dakika zikaisha tarehe 24 Novemba 2024, duniani kote, kwa kila mita ya aina hiyo. Kabla ya siku hiyo ilibidi kila mita ibadilishiwe ufunguo na ianze kuhesabu upya kutoka 2014, kwa hivyo tutaonana tena na jambo hili 2045. Kwa Kenya ilikuja hivi: unanunua tokeni, unaletewa makundi matatu ya nambari ishirini. Mawili ya kwanza ni ya kubadilisha ufunguo, la tatu ndilo lenye stima.

Watu walilalamika, na wana haki. Mimi nilimsomea mama yangu nambari zote sitini kwa simu, yeye akiwa Njoro, nne nne. Kila nikimaliza kundi ananijibu, "Haya, lete ingine." Katikati akaniambia ngoja kwanza, akaenda kuepua maziwa yasimwagike jikoni, akarudi tukaendelea palepale tulipoachia. Mita haikulalamika. Haikusema muda wako umeisha, anza upya. Tulipomaliza la tatu nikasikia redio ikiwaka yenyewe kwa nyuma, katikati ya matangazo ya vifo, na mama akasema, "Imerudi." Sijui kama kuna kitu nimewahi kuandika kwa miaka yote hii kikanipa raha kama ile redio.

Na mnaona kilichofanyika? Mamilioni ya mita zilibadilishwa ufunguo na wenye nyumba wenyewe, kwa vidole vyao, bila fundi kupanda nguzo moja. Mama hajui biti ni nini. Lakini alifanya kazi ambayo kwa kampuni nyingine ingehitaji wahandisi, gari na bajeti ya mafuta.

Sasa nikueleze ile njia nyingine, ile ya "ijiingize yenyewe", kwa sababu nimeishi nayo.

Ploti niliyokaa kabla ya hapa, mwenye nyumba alikuwa amefunga mita ndogo za kisasa, moja kwa kila nyumba. (Kampuni iliyoziweka naliacha jina lake.) Hakuna kubonyeza chochote. Unalipa kwa simu, seva ya kampuni inapokea, inatuma amri kwenye laini iliyo ndani ya mita, taa inawaka. Nakiri, ilikuwa raha. Ukiwa kitandani Julai, baridi ya huku unaijua, hutoki kwenye blanketi hata. Miezi mingi nilikuwa nikizisifu mita zile kwa kila mtu.

Halafu ikaja Jumapili, 12 Mei 2024. Nyaya mbili za baharini zinazoleta intaneti Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilikatika. Wengi mtakumbuka, intaneti ilitambaa kama kobe nchi nzima na kwa majirani zetu pia. Mimi nilidhani ni siku ya kukosa video tu. Jioni yuniti zikaniishia. Nikalipa. Pesa zikaondoka, ujumbe wa malipo ukaja palepale, stima haikuja. Nikatoka kwenye korido nikakuta wenzangu watatu wamesimama na simu mkononi. Wote wamelipa. Taa ya korido yenyewe inawaka vizuri kabisa, kwa sababu hiyo ilikuwa kwenye mita kubwa ya mwenye nyumba.

Tuliambiwa kwa simu kwamba tatizo ni seva, na seva haikuwa nchini. Yaani stima ipo, waya upo, pesa imelipwa, mita iko hatua mbili kutoka mlangoni, na bado tulikuwa tukingoja ruhusa kutoka ng'ambo ya bahari. Ukivuka barabara kulikuwa na ploti yenye mita za kawaida, na jamaa mmoja huko alikuwa na tokeni aliyonunua Ijumaa akaiweka akiba. Akabonyeza, akawasha, akaendelea kutazama mpira.

Mimi kwangu hasara ilikuwa kulala mapema. Lakini jirani wa chini ni mama anayeuza mala na maziwa, ana friza moja, na maziwa ya Jumatatu huwa anayapokea Jumapili jioni. Stima ilirudi Jumatatu mchana. Maziwa yalikuwa yamegeuka, na si kugeuka kuwa mala. Aliyamwaga nyuma ya ploti, ndoo baada ya ndoo, na hakuna aliyemrudishia hata shilingi. Alipouliza, aliambiwa mfumo sasa uko sawa.

Hapo ndipo nilipoanza kuzihesabu kero zangu upya. Kubonyeza nambari ishirini ni kero, lakini ni kero iliyo mkononi mwangu. Naweza kuimaliza saa nane usiku bila kumwomba mtu. Naweza kuiandika tokeni kwenye karatasi, naweza kumsomea mama kwa simu ya mulika mwizi isiyo na intaneti. Kwake, kalenda ya ukutani imejaa tokeni za zamani hadi huoni tarehe. Ile raha ya kutobonyeza, kumbe nilikuwa nimeilipia kwa kumpa mtu mwingine swichi ya nyumba yangu, na mtu huyo mwenyewe hakuwa na swichi ya seva yake.

Najua mtakachosema. Tokeni nayo inahitaji mtandao wakati wa kununua. Kweli kabisa. Mfumo wa kuuzia ukilala, wote tunalala nao, ila aliyenunua mapema. Na gridi yenyewe ikianguka hakuna tokeni ya kukuokoa. Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa giza, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na nambari zako ishirini ungeweza kuziimba tu. Mtasema pia kwamba mia tano ya mwezi huu haileti yuniti sawa na mia tano ya mwezi uliopita. Hilo nalo kweli, lakini ni gharama ya mafuta kwenye bei, ambayo hubadilika kila mwezi, pamoja na kodi. Mita haina hatia hapo, mwacheni maskini.

Wala sisemi kile kidude cha kubonyezea ni kizuri. Ni kibaya. Kuna vitu vidogo ningevibadilisha hata leo kama ningepewa. Vitufe vingekuwa vikubwa na tarakimu zake zisingefutika baada ya mwaka, kwa sababu wazee wetu ndio wanaosumbuka zaidi na wao ndio hawapendi kuomba msaada. Kioo kingewaka. Betri zinazokitunza kile cha ndani stima ikiisha zingekuwa za kawaida na za kufikika kwa urahisi, badala ya kuoza mle ndani kimyakimya hadi usiku unaozihitaji. Na kubwa kuliko yote: mita inakuambia umekosea baada ya kumaliza zote ishirini, haikuambii umekosea wapi. Ningeongeza tarakimu moja ya kukagua kila baada ya kundi, ili ukikosea kundi la pili ujue palepale. Tokeni ingekuwa ndefu zaidi, ndiyo. Nambari ishirini na tano zinazokusahihisha njiani nazichukua badala ya ishirini zinazokuacha ufike mwisho ndipo zikukatae.

Kwa wenzangu wanaozitengeneza hizo mita za laini, na nawajua wachache mjini hapa, sina ugomvi nanyi. Wekeni laini, wekeni seva, wekeni hata programu ya simu yenye rangi nzuri. Lakini acheni na vitufe. Mtandao ukiwepo, stima ijiingize. Mtandao ukikosekana, mpangaji abonyeze. Njia hiyo ya pili haihitaji kuvumbuliwa, imekuwepo zaidi ya miaka thelathini.

Na wewe unayetafuta nyumba mwezi huu, nyumba mpya zinaota kama uyoga Kiamunyi na kule Lanet, na nyingi zina mita ndogo. Usiangalie vigae na maji tu. Muulize keateka: hii mita mtandao ukipotea, inakubali nambari? Akisema hajui, muombe namba ya fundi aliyezifunga, umpigie papo hapo kabla hujatoa dipositi.