Ua la Mbuyu

Mwalimu mgeni afikapo Dodoma mwezi wa Septemba huona vumbi, miiba na mibuyu mitupu, naye huanza kuwaza uhamisho. Hatumlaumu kwa kuona hivyo. Tunamlaumu akiyasema mbele ya watoto wa Kigogo, ambao hapo ndipo kwao.

Mbuyu ule uonekanao mfu umehifadhi maji katika shina lake, na umepukutisha majani ili usiyapoteze. Mvua zikaribiapo huchanua; lakini ua lake hufunguka jua lizamapo, jeupe, kubwa kama kiganja, likining'inia kichwa chini ili popo alifikie. Kesho yake limenyauka. Mwalimu ambaye sayansi yake huisha saa nane mchana hatalijua kamwe.

Twapendekeza basi somo hili lifanywe jioni, wazazi wakiridhia, chini ya mbuyu ulio karibu na shule. Wanafunzi wangoje kimya, wachore waonacho, wanuse pia (harufu yenyewe si ya waridi). Mwalimu asitangulie kueleza. Yamkini darasani mwake wamo wachungao mbuzi, waliokwisha kuliona ua hilo mara nyingi. Hao ndio waulizwe kwanza.