Burundi na kazi za Ghuba: Mfumo wa Musaned unamtambua wakala yupi?

Tangu Burundi na Saudi Arabia zitie saini makubaliano ya ajira mwezi Oktoba 2021, safari ya Mrundi anayekwenda kufanya kazi za nyumbani katika ufalme huo inapaswa kupitia Musaned, mfumo wa mtandaoni ulio chini ya wizara ya rasilimali watu mjini Riyadh. Mwajiri hufungua akaunti, huomba viza, kisha huonyeshwa ofisi za mawakala pamoja na gharama zao, akachagua mojawapo. Ofisi hiyo ya Saudia huunganishwa na wakala aliyesajiliwa katika nchi anakotoka mfanyakazi, na mkataba hutiwa saini humo humo.

Kwa mwajiri, mpangilio huo una faida iliyo wazi. Anajua amelipa kiasi gani, kwa nani, na wa kumdai iwapo mfanyakazi hakufika. Viwango vilivyowahi kutangazwa na Riyadh viliweka kikomo cha riyali 7,500, yaani dola 2,000, kwa mfanyakazi kutoka Burundi. Fedha hizo ni mzigo wa mwajiri. Kanuni za Saudia hazimruhusu wakala kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa.

Hapo ndipo swali linapohamia vilimani. Ofisi iliyosajiliwa haiwezi kumjua kila msichana anayetafuta kazi Muyinga au katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Gitega. Hutegemea watu wa kati: jamaa aliyewahi kwenda, mfanyabiashara wa sokoni, au komisyoneri ambaye leo anauza kiwanja na kesho anatafuta pasipoti. Mtu huyu ndiye anayeahidi mshahara, ndiye anayeweza kudai "pesa ya karatasi", na familia ikamlipa kwa kuuza mbuzi au shamba. Hana akaunti katika Musaned. Mfumo unaanza kuhesabu mawakala pale ambapo kazi yake imekwisha.

Kwa hiyo maelezo ya namna mfumo unavyofanya kazi si jambo la mafundi wa kompyuta peke yao. Msichana akijua kwamba mkataba una namba, jina la ofisi ya Burundi, jina la ofisi ya Saudia na mshahara uliokubaliwa, ana la kuuliza kabla ya kuondoka. Asipojua, atasikia habari za mkataba wake kwa mdomo wa yule yule anayefaidika na safari yake. Ukurasa mmoja wa Kirundi na Kiswahili, uliobandikwa katika ofisi ya tarafa na kusomwa msikitini na kanisani, ungemfikia kuliko mwongozo wowote wa mtandaoni.

Ndani ya Saudia kwenyewe mfumo umepanuka. Tangu 2024 mishahara ya wafanyakazi wa nyumbani imeanza, kwa awamu, kulipwa kwa njia zinazoacha kumbukumbu. Ni hatua nzuri, ingawa kumbukumbu ya mshahara haielezi kilicholipwa Muyinga miezi sita kabla.

Iko pia njia nyingine. Kituo cha mpakani cha Kobero, upande wa Muyinga, ni lango la kawaida la kuingia Tanzania, na anayevuka kwa shughuli za biashara hafanani tofauti na anayepelekwa mbali zaidi. Akisafirishwa kwa viza ya matembezi kupitia nchi jirani, Musaned haina habari naye, wala ubalozi hautajua nyumba alimo.

Burundi inayo sheria ya Oktoba 2014 dhidi ya biashara haramu ya watu. Kuitumia kunahitaji ushahidi: nani alipokea fedha, lini, na aliahidi nini. Wakala mwenye leseni anaweza kulazimishwa kuandika, katika faili la kila mfanyakazi, jina la mtu aliyemleta ofisini na kiasi ambacho familia imekwisha kutoa. Serikali iliyoko Gitega haihitaji idhini ya Riyadh kudai mistari hiyo miwili.