Mashini inapewa muongozo, mkimbizi anaambiwa asubiri

Watengenezaji wa programu za kompyuta wamepata shida moja na wameitafutia dawa haraka. Shida yenyewe ni kwamba akili bandia hujibu kwa mambo iliyojifunza zamani, hata kama kanuni zimebadilika, na haisiti inapokosea. Kwa hiyo ajenti wa akili bandia, yaani programu inayotumwa kufanya kazi bila mtu kuishika mkono, anapewa chombo cha kumtafutia ukurasa wa muongozo wa sasa kabla hajajibu.

Mfano mmoja ni blokicheni. Hiyo ni daftari la hesabu lisiloshikwa na mtu mmoja, kwa sababu nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi. Kompyuta zinazokagua malipo na kuyakubali zinaitwa wahakiki. Katika Ethereum, mwenye mhakiki anaweka rehani ya angalau etheri 32. Mhakiki wake akisaini mambo mawili yanayopingana, sehemu ya rehani inakatwa na anaondolewa kazini. Hadi mwanzoni mwa 2025, etheri 32 ndizo pia zilikuwa kikomo cha kinachohesabiwa kwa mhakiki mmoja. Mwezi wa Mei mwaka huo kikomo kikapandishwa hadi 2048. Programu iliyosoma muongozo wa zamani itamdanganya mwenye pesa. Ndiyo maana chombo cha kutafuta ukurasa mpya ni kitu cha maana, na hakuna wa kukilaumu.

Lakini mama aliyekimbia Masisi na watoto wake, ambaye siku ya kugawa unga jina lake halisomwi, yeye anapewa chombo gani? Anamuuliza raisi wa kambi, anatumwa kwa komite. Komite inamtuma kwa shirika. Shirika linasema liste ilitoka juu. Hakuna ukurasa hata mmoja unaomwonyesha nani anastahili, kwa kanuni gani, ya tarehe gani, na malalamiko yapelekwe wapi. Mashini haivumiliwi ikijibu kwa karatasi ya mwaka jana. Mama huyo anajibiwa bila karatasi yoyote.

Wako watakaosema blokicheni na kambi za wakimbizi ni vitu viwili tofauti. Wamekosea. Mwaka 2017, PAM ilianza kutumia blokicheni iliyojengwa kwa ufundi wa Ethereum kugawa msaada katika kambi ya Azraq, nchini Yordani. Mkimbizi wa Siria alifika dukani, akaangalia mashini inayotambua jicho lake, bei ya vyakula ikakatwa kwenye hesabu yake. PAM ilisema njia hiyo ilipunguza gharama za banki, na hilo ni jema. Ila waliokaa upande wa kukagua daftari walikuwa mashirika yenyewe. Mkimbizi alitoa jicho, wengine wakahakiki. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Azraq ni mbali na Goma, lakini njia ni ileile. Banki za Goma zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, simu ikawa mfuko wa watu wengi. Msaada ukipita kwenye simu, haitachukua muda mrefu mtu kuleta ajenti wa akili bandia ajibu familia kwa ujumbe mfupi: «Jina langu liko wapi?» Hapo ndipo pa kuwa macho. Chombo cha kutafuta hakiwezi kupata ukurasa ambao haujaandikwa. Ajenti asiye na muongozo atabuni jibu, na jibu la kubuni kwa mtu mwenye njaa ni ukatili.

Tena kuna jambo la rehani. Mhakiki wa Ethereum akikosea, mwenyewe anapoteza. Liste ya kambi ikikosewa, nani anakatwa? Si aliyeiandika, wala aliyeisaini. Anayelipa ni mtoto anayelala bila kula. Utaratibu ambao kosa la mkubwa linalipwa na mdogo peke yake hauwezi kuitwa wa haki, uwe umeandikwa kwa kalamu au kwa kompyuta.

Wengine watajitetea kwamba wakimbizi wengi hawasomi wala hawana simu. Basi radio ziko kwa kazi gani? Kanuni za kugawa msaada zinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, zikabandikwa ukutani mwa shule na kanisa, zikasomwa hewani kila juma, kwa lugha za vijiji pia. Ukurasa huo uwe na tarehe. Ukibadilika, itangazwe kilichobadilika. Chini yake pawe na mahali pa kulalamika na siku ambazo jibu litatolewa.

Hayo hayahitaji blokicheni wala akili bandia. Yanahitaji mashirika ya kiutu, komite za kambi na wakubwa wa mitaa wakubali kwamba mtu aliyepoteza nyumba bado ana haki ya kujua kanuni inayomhusu. Wasubiri kuleta ajenti wa kujibu maswali mpaka majibu yenyewe yawe yameandikwa na kutangazwa kwa wenye njaa.