Wiki sita ni nyingi mno kwa mtoto wa Uleling'ombe

Mtoto atakayezaliwa usiku huu Uleling'ombe, wilayani Kilosa, au kule juu Vidunda, ataanza kukingwa dhidi ya homa ya ini B akiwa na wiki sita. Hapo ni endapo masika hayajakata njia, mama amepata nauli ya bodaboda, na siku aliyoteremka ndiyo siku ya chanjo. Kama mama ana virusi, muda huo umeshatosha kumwambukiza mwanawe.

Watoto tisa kati ya kumi wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki na virusi hivyo maisha yote. Ini huliwa kimyakimya kwa miongo, kisha macho yanageuka manjano, tumbo linajaa maji, na ukoo unaanza kuulizana nani kamroga.

Hakuna aliyeroga. Serikali imechelewa, na haina udhuru.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24. Mwaka huohuo Tanzania iliiweka chanjo hii, iliyokuwa ikitolewa tangu 2002, ndani ya chanjo mseto ya pentavalenti, ya wiki ya 6, 10 na 14. Siku ya kuzaliwa ikaachwa kwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio. Muuguzi yupo, sindano ipo, mtoto yupo mikononi. Kilichokosekana ni kichupa kimoja.

Tunaambiwa milimani hakuna majokofu. Lakini chanjo ya homa ya ini B ni miongoni mwa zinazostahimili joto. Kinachoiharibu ni kuganda. Kichupa cha BCG kikishafunguliwa hutupwa baada ya saa sita, ndiyo maana wauguzi husubiri watoto watimie idadi. Hiki cha homa ya ini, kikitunzwa vizuri, hutumika hadi siku 28. Ukitafuta chanjo inayofaa zahanati ya mlimani, ndiyo hii.

Kliniki nako kuna aibu yake. Mjamzito hutobolewa kidole apimwe VVU na kaswende. Kidole hichohicho kinatosha kwa kipimo cha tatu, cha homa ya ini B, na kisifanyike pale tu kipimo kinapokuwepo, kifanyike kila mahali. Tenofovir, dawa inayopunguza virusi hivi kwa mama, imo tayari kwenye dawa za wagonjwa wa VVU.

Wazazi nao hawajapona. Aliyezaliwa kabla ya 2002 hakukingwa utotoni, naye ndiye leo anayevuna mpunga Kilangali, ananyolewa gulioni kwa mashine iliyotoka kichwani kwa mwenzake, na akiumwa mgongo anachanjwa chale kwa wembe uliofungwa kwenye kipande cha gazeti. (Pengine gazeti hili.) Virusi hivi huishi nje ya mwili siku saba na zaidi. Tulishafundishana enzi za ukimwi kwamba wembe mmoja ni wa mtu mmoja; somo hilo limelegea, na Halmashauri ya Kilosa ina maofisa afya wa kulirudisha vijiweni na kwa waganga. Tusiwasingizie waganga peke yao: kinyozi wa mjini hana tofauti.

Dunia ilikuwa na watu milioni 254 wenye maambukizi sugu mwaka 2022, na asilimia 63 ya maambukizi mapya yalitokea Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani. Kanda hiyohiyo iliwapa dozi ya siku ya kwanza asilimia 18 tu ya watoto wake.

Waziri wa Afya atakaposimama Dodoma kusoma bajeti, ataje tarehe ya kuanza dozi hiyo, fungu lake la fedha, na jinsi itakavyomfikia mtoto aliyezaliwa kwa mkunga wa jadi kitongojini. Mbunge wa Mikumi, anayewakilisha milima hii, awe wa kwanza kuuliza. Tarehe isipotajwa, bajeti hiyo isipitishwe.